Maji Haya ni ya Nyumba Gani?

Stany aliingia ofisini na kofia mkononi, vumbi jekundu limemshika mpaka kwenye kope, akauliza kama kati yetu kuna mtu anayejua kusoma.

"Sababu banamuke ba kule bamenifukuza na mabeseni," alisema. "Gari yangu imejaa maji mpaka juu, na simu iko naniambia: avenue yote, bidon mbili. Bidon mbili! Ata kuku ya Mama Mamie inakunywa kupita ile."

Stany ni dereva wa lori la maji, na bidon ni dumu la lita ishirini. Kampuni yetu ina kisima kirefu kimoja na malori matatu ya tangi, nayo inauza maji katika mitaa ya Kolwezi ambako bomba halijafika. Avenue anayoisema iko mwisho kabisa wa mji, upande wa Mashamba, mahali ambapo malori ya mgodi yanapita mchana kutwa na nguo huanuliwa kwenye kamba zikiwa na rangi ya ardhi.

Kabla sijaajiriwa, avenue ile ilipata maji wakati wengine wote wamekwisha kupata. Mwenye namba ya simu ya patron, yaani mwenye kampuni, alihudumiwa kwanza, mwenye shemeji dereva akafuata. Kisha tukamweka Muteka. Muteka ni wakala wa akili bandia: anasoma ujumbe wa wateja kwenye WhatsApp, anajibu, na anaandika oda kwa zamu bila kujua nani ni shemeji wa nani. Tangu aanze, avenue ya mwisho ina siku zake, Jumanne na Alhamisi, na hakuna anayeweza kuinyang'anya. Mimi nilitoka chuo Lubumbashi na diploma yangu ya informatiki, nikapewa kazi ya kumtunza, na niliipenda kazi ile kwa sababu hiyo moja. Haki ndogo, lakini ya kweli, inayofika na lori.

Sasa haki yenyewe ilikuwa imefika na bidon mbili.

Nilifungua mazungumzo ya asubuhi. Yalitoka kwenye namba moja, ya Mama Mamie, ambaye ndiye mwenye simu nzuri pale avenue. Juma lililopita alituma orodha yote kwa ujumbe mmoja; safari hii alituma nyumba moja moja. *Yambo. Maternite bidon makumi mbili.* Muteka akajibu kwamba ameandika. *Mama Fifi ine.* Muteka akajibu: sawa Mama, nimebadili, sasa ni nne. *Ingine tatu.* Sawa Mama, sasa ni tatu. Na hivyo hivyo, nyumba baada ya nyumba, kila moja ikifuta iliyotangulia, na Mama Mamie akijibu kila mara kwa kidole gumba na asanti, mpaka mwisho ikabaki nyumba moja ya bidon mbili.

Ni lazima nieleze jambo moja hapa. Muteka haoni lori wala kisima wala avenue. Ana zana tatu: moja inaandika oda mpya, moja inabadili oda, moja inafuta. Chini ya kila zana kuna maelezo yanayomwambia ni ya kazi gani na itumike lini, na kwa Muteka maelezo hayo ndiyo dunia nzima. Yetu yaliandikwa na fundi aliyekuja kutufungia mfumo akaondoka siku ile ile. Chini ya zana ya kubadili palikuwa na sentensi moja tu: *Hubadili oda ya mteja mwenye namba hii.* Namba ilikuwa ile ile. Muteka akabadili. Alitii kabisa.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Godelieve, mkunga, mwenye ile maternite, nyumba ya kujifungulia ya vitanda viwili kwenye avenue.

"Laure, mwanangu. Mutoto amezaliwa, salama. Tumemwosha na maji ya mabirika ya majirani. Nakuambia tu, ujue."

"Mama, samahani sana. Kosa ni..."

"Sikuuliza kosa ni ya nani. Banakuja Ijumaa."

Nilijua ni nani wanaokuja. Wakaguzi wa afya walikwisha kumwonya mara moja: wakikuta tena tangi ya maternite ni kavu, wanafunga chumba cha kuzalia. Na kikifungwa, mwanamke wa upande ule anayeshikwa na uchungu anapandishwa pikipiki mpaka mjini, kwenye barabara ile ya malori. Mwaka huu mmoja alijifungulia kando ya barabara hiyo, kanga zimeshikwa na wapita njia kuwa ukuta.

Nilimkuta Tata Lukusa, mwenye kampuni, amekwisha kupata habari.

"Zima," alisema.

"Tata..."

"Zima ile kitu, Laure. Nitarudilia simu yangu. Mi nilizaliwa na masikio, sikuzaliwa na mashine."

"Tata Lukusa, ukirudilia simu, avenue ile itarudi mwisho. Unajua."

Alivua miwani akaifuta kwa shati. Alijua.

"Alhamisi kuna gari moja tu kabla ya ukaguzi," nikasema. "Niachie Alhamisi. Nitaandika upya maelezo ya zana zote."

"Maelezo." Alilitamka neno kama mtu aliyekuta jiwe kwenye mchele. "Maji inakosa, na wewe unaniletea maelezo. Na Ijumaa bakikuta tangi kavu, nani ataenda kujitetea mbele ya Godelieve? Mashine?"

"Mimi."

"Mh," alisema, akavaa miwani yake. "Godelieve eko na mikono ya nguvu. Ujue."

*

Elisée, anayekaa meza ya pili na kuandika programu zetu, alikuwa na shauri.

"Tia herufi kubwa. Mashine ni kama askari wa barrière ya barabarani, usipopaza sauti haikusikie."

Nilikuwa na haraka, nikamsikiliza. Niliandika chini ya zana ya kubadili: *MUHIMU SANA! USIBADILI ODA YA MTU KAMWE!* Kisha Elisée akajifanya mteja kwenye simu ya majaribio. *Bidon tano*, akaandika. Halafu: *Pardon, si tano, ni tatu.*

Muteka akaandika tano, akaongeza tatu, akamtakia siku njema.

Elisée alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye suruali. "Umemutisha, ndugu! Sasa ataogopa ata kufunga mulango."

Sikucheka, lakini alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimempigia Muteka kelele bila kumwambia kitu. Mtu ukimwambia *usiguse, usiguse* bila kumwonyesha kitu kinaanzia wapi na kinaishia wapi, ama atagusa kibaya ama ataogopa kila kitu. Nikafuta herufi zile zote.

Jumatano nikapanda pikipiki kwenda avenue yenyewe. Nilitaka kuona oda inazaliwaje.

Inazaliwa kwenye mafuta ya moto. Mama Mamie anakaanga beignets, maandazi madogo, mbele ya nyumba yake, simu imesimamishwa kwenye kopo la chumvi, na wanawake wanapita wakienda sokoni.

"Yambo, Mama Mamie."

"Eeh, mama ya mashine! Yambo, karibu. Umetuletea zile bidon zetu mbili? Tugawanye na kijiko?"

Wanawake waliokuwa wakisubiri beignets walicheka, nami nikacheka nao, maana nilistahili.

"Nimekuja kuangalia vile unaandika, Mama."

"Basi kaa, angalia. Haina malipo."

Mmoja akapita na ndoo kichwani, bila kusimama. "Mamie, uniandikie tatu!"

"Niko naandika!" Mama Mamie akafuta kidole kimoja kwenye kitenge, kile kidogo ambacho hakikuwa na unga mwingi, akaandika kwa kidole hicho: *ingine tatu*.

"Mama, si ungetia na jina lake?"

"La nani? La ule? Namujua tangu mbele hajaolewa."

"Wewe unamjua. Muteka hamjui."

"Basi aulize! Mugeni akifika ku mtaa hana mudomo?" Akageuza beignets. "Mi niko na mikono ya unga, na we unataka niandike roman ya kurasa mia. Kama hajue, atie tu ile ya juma lililopita, itaisha."

"Juma lililopita mama yule alikuwa na wageni?"

Mama Mamie akafikiri. "Alikuwa na harusi," alikubali, na wanawake wakacheka tena, safari hii si mimi niliyechekwa.

Nilikaa pale mpaka beignets zikaisha. Nilichokiona ni rahisi, na hakuna fundi wa mbali angekiona: huku simu si mtu. Simu ni kama mlango wa kanisa, wengi wanapitia hapo. Maelezo yetu yalichukulia kwamba namba moja ni mteja mmoja, kwa hiyo kila jirani aliyefika alionekana kuwa ni mtu yule yule aliyebadili mawazo. Na sikuona haki ya kumwomba Mama Mamie abadili mikono yake kwa ajili ya zana yangu. Zana ndiyo ingepaswa kuelezwa vizuri, ili imfae mwanamke mwenye unga mikononi.

Nilipita maternite kabla ya kurudi. Mama Godelieve alinigongea tangi kwa ngumi. Ilitoa sauti ya ngoma.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia, Mama."

"Haya. Kazi njema."

*

Jioni ile, kabla ya ofisi kufungwa, nilijiwekea mtu mbele ya macho. Nilimfikiria binamu kutoka Musumba, msichana mwenye akili na moyo wa kazi, ameshuka leo asubuhi na mfuko wake, hajawahi kuona avenue ile. Nimwache peke yake na simu. Ningemwambia nini mlangoni? Nisingempigia kelele. Wala nisingemwambia "badilisha oda ya mteja" nikaondoka. Ningemwambia kitu hiki ni nini, kinafanya nini hasa, kinatumika lini, hakitumiki lini, na afanye nini akikwama.

Nikaandika, chini ya zana ya kuandika oda:

*Huandika oda mpya ya maji kwa nyumba moja. Mteja ni nyumba itakayopokea maji, si simu iliyotuma ujumbe. Simu moja inaweza kuagizia nyumba nyingi. Huo ni mwenendo wa kawaida hapa. Ujumbe unaotaja nyumba nyingine, au unaosema "ingine", ni oda mpya: iandike bila kugusa zilizotangulia. Kama nyumba haijatajwa, uliza swali moja fupi: "Maji haya ni ya nyumba gani?" Usikisie, na usitumie idadi ya juma lililopita.*

Na chini ya ile ya kubadili:

*Hubadili idadi ya bidon katika oda ambayo tayari imeandikwa. Itumie pale tu nyumba ile ile inaporekebisha oda yake yenyewe, kwa mfano: "Mama Fifi si nne, ni tano." Idadi ya zamani inapotea na hairudi. Zana hii haihamishi maji kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Ukiombwa jambo ambalo zana zako hazifanyi, sema hivyo wazi, kisha mwite mtu wa ofisi.*

Nilimwomba Elisée awe mteja mbaya kuliko wote wa Kolwezi.

"Hiyo iko mu damu," alisema, akakunja mikono ya shati.

Aliagiza, akajikana, akaagizia mama mkwe, akamfuta mama mkwe, akaandika *ingine* bila jina na *ile ya jana* bila jana. Kila alipochanganya, Muteka aliuliza swali lake moja, na kila alipokuwa wazi, Muteka aliandika na kunyamaza. Mwishowe Elisée aliweka simu mezani.

"Ananiheshimu kupita bibi yangu wa ndoa," alisema. "Sijazoea."

*

Alhamisi asubuhi oda ziliingia zikiwa nzima. Maternite, bidon ishirini. Mama Fifi, nne. *Ingine tatu*, akaandika Mama Mamie, na Muteka: *Maji haya ni ya nyumba gani?* Nikaona zile nukta za mtu anayeandika, nikamfikiria akifuta kidole kile kidogo na kunung'unika. *Ya mama Gloire. Eh, we nawe.* Orodha ya Stany ikajaa nyumba, kila moja na jina lake. Tata Lukusa alipita nyuma yangu, akasoma orodha mpaka chini, akaenda zake.

Karibu na saa sita ujumbe mwingine ukaingia. *Tata Mwenze ametutoka. Bidon zangu mbili mupeleke ku kilio. Mama Fifi.* Kisha mwingine: *Za mama Gloire pia, moja abakie nayo.* Kisha mwingine.

Mtu wa hapa hahitaji kuelezwa. Kilio kikianguka kwenye avenue, nyumba iliyofiwa haichoti maji yake. Watu watalala uani pale mpaka maziko na hata baada yake, watapikiwa, wataoga, na maji yale yote yanatoka kwa majirani, pamoja na makaa na viti. Anayetoa hasubiri kuombwa. Lakini hakuna aliyekuwa amempa Muteka zana ya jambo hilo.

Alijibu kama nilivyomwandikia: *Poleni sana kwa msiba. Zana zangu haziwezi kuhamisha maji kwenda nyumba nyingine. Namwita mtu wa ofisi.* Na ofisini kengele yangu ililia, ikalia, ikalia.

"Unaona?" Tata Lukusa alikuwa mlangoni tayari. "Mashine haijue kulia na batu. Zima, nimwambie Stany apeleke yote ku kilio, kwisha."

"Yote ya nani, Tata? Wengine wametoa mbili, wengine moja, wengine hawajasema. Stany akimwaga yote pale, kuna nyumba zenye watoto zitakaa kavu mpaka Jumanne."

"Stany anapakia saa tisa."

"Basi nina mpaka saa tisa."

Elisée alikuwa amekwisha kuanza. Kuhamisha bidon kutoka oda moja kwenda nyingine si programu ngumu, na yeye ana vidole vyepesi. Nje, lori lilikuwa chini ya bomba la kisima, na Stany alipiga honi mara moja, ya kirafiki.

"Nimemaliza," alisema Elisée. "Andika neno moja, tupandishe kwa Muteka: *Huhamisha.* Inatosha."

"Haitoshi."

"Laure, batu beko mu kilio. Hakuna mutu ataleta fujo leo."

"Najua. Ndiyo maana."

Nilikuwa nikimfikiria Mama Fifi mwenye watoto wadogo wanne. Muda si mrefu angetoa na zile mbili zilizobaki, bila kumwambia mtu, kisha angeenda kuomba birika. Watu wetu hawatoi kwa hesabu. Na Muteka, kama nisingemwambia, angeona amri tu, angeitii, kama alivyotii Jumanne. Honi ikalia tena, ndefu kidogo. Niliandika, nikafuta, nikaandika:

*Huhamisha bidon kutoka oda ya nyumba moja kwenda nyumba nyingine, hasa wakati wa msiba. Taja nyumba inayotoa, nyumba inayopokea, na idadi. Kabla ya kuhamisha, angalia nyumba inayotoa itabaki na ngapi. Kama itabaki bila maji mpaka gari lijalo, usihamishe kwanza: mwambie aliyeandika, kwa maneno ya wazi, ni nyumba gani itabaki kavu na mpaka lini, kisha ungoje jibu. Kutoa hapa ni heshima, na kazi yako si kumzuia mtu kutoa. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba kinachotolewa kinajulikana.*

Elisée alisoma juu ya bega langu. Nilingoja mzaha. "Pandisha," alisema tu.

*

Nilipanda lori pamoja na Stany. Nilitaka kuwa pale, nikiwa na simu ya ofisi mkononi, kama chochote kingeharibika. Njiani ujumbe uliendelea na Muteka akahamisha: mbili za huku, moja ya kule. Mama Fifi alijaribu kutoa zake zote, kama nilivyojua. Muteka akamwambia kuwa nyumba yake itabaki kavu mpaka Jumanne. Mama Mamie akajibu kwa niaba yake: *Abakie na mbili, anajifanya tajiri.*

Kilio kilikuwa kwenye parselle ya mwisho, kiwanja cha Tata Mwenze. Mikeka imetandikwa uani, wanaume kwenye viti vya kuazima, wanawake ndani na kizingitini. Mama Mamie alikuwa amehamia pale na simu yake, unga umeoshwa mikononi. Stany alijaza mapipa ya wafiwa kwa idadi iliyokuwa kwenye simu, mpaka yakafika ukingoni.

Nilikuwa ninasalimia wenye msiba wakati Mama Godelieve alipoingia na koti lake jeupe la kazi. Aliinama mbele ya mjane, Mama Tshilombo, aliyekaa chini mkekani, akalia naye kidogo. Kisha akainuka akaenda kwa Mama Mamie.

"Uandike," alisema. "Zangu zote zije hapa. Zote. Mwenze alinibebea matofali ya maternite na kichwa yake, sikumulipa ata soda."

Mama Mamie aliandika. Nilitazama simu ya ofisi. Ningeweza kuzuia, kidole kimoja tu kilitosha. Lakini maji yalikuwa yake, na huzuni ilikuwa yake, na mimi nilikuwa msichana wa ofisini niliyekuja na lori. Nikaikunja mikono yangu.

Simu ya Mama Mamie ikatetemeka. Yeye husoma kila kitu kwa sauti, hata matangazo ya vocha, na alisoma hivyo hivyo mbele ya uani wote:

"*Mama Mamie, nikihamisha bidon zote za maternite, tangi ya maternite itabaki kavu mpaka Jumanne. Nihamishe zote, sehemu, au niziache?*"

Wote pale walijua kuna nini Ijumaa.

"Andika *zote*," alisema Mama Godelieve.

Kidole cha Mama Mamie kilibaki juu ya kioo. "Godelieve..."

"Andika, Mamie. Kilio ni kilio."

Mjane hasemi mbele ya watu siku ya kwanza. Mama Tshilombo alimvuta dada yake kwa kitenge, akamnong'oneza sikioni kwa muda mrefu. Dada mtu akasimama.

"Mama Tshilombo anasema hivi: bwana yake alibeba matofali ili banamuke bazalie mu nyumba. Hakubeba ili bazalie mu barabara. Maji ya maternite ikae ku maternite. Akisikia imekuja hapa, hataoga nayo."

"Dada, mi siwezi kukaa na maji na ninyi muko na kilio..."

"Angalia mapipa, Godelieve! Imejaa." Huyu alikuwa mzee mmoja kwenye viti vya wanaume. "Ao unaona tuko nanuka sana? Sema tu!"

Kicheko kikapita uani, kile kicheko cha kilio, kinachotoka na machozi. Mama Godelieve naye kilimshika bila kutaka. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakatikisika, na sikujua kama anacheka au analia.

"Naandika *uache*," alisema Mama Mamie, na safari hii hakungoja ruhusa ya mtu.

Muteka akajibu: *Sawa. Maternite inabaki na bidon zake zote. Poleni tena.* Stany alikuwa amekwisha kuwasha lori kuelekea maternite.

*

Ijumaa nilikuwepo. Nilikuwa nimemwahidi Tata Lukusa kwamba nitasimama mbele ya Godelieve, na ahadi haikusema ni kama mambo yakiharibika tu.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole, amechoka, na mfuko wa ngozi begani. Alitazama vitanda, akatazama mikasi kwenye sufuria ya kuchemshia, akapiga tangi kwa kiganja. Haikutoa sauti ya ngoma. Akafungua robine. Maji yakatoka, akaweka mikono, akaipaka sabuni mpaka kwenye viwiko, akaosha taratibu kama mtu aliyetoka safari ndefu.

"Tata," alisema Mama Godelieve, "imetosha. Ile si mtoni."

Alifunga robine upesi. Aliuliza maji yale yanakuja mara ngapi, na mimi nikajibu: Jumanne na Alhamisi, kwa zamu yao, kila juma. Nilisema hivyo bila kuangalia pembeni, kwa sababu nilijua nitakaa na zana zile, moja moja, mpaka iwe kweli. Alitoa kutoka kwenye mfuko kufuli mpya ya kufungia chumba, bado kwenye plastiki yake, akaitazama kidogo, akairudisha chini ya karatasi.

Hakupata nafasi ya kusema zaidi. Mwanamke mmoja alikuwa ameingia kwa miguu yake, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukutani, na nyuma yake mama yake mwenye furushi. Mama Godelieve alimtazama mara moja tu.

"Wote inje," alisema.

"Nilikuwa bado sijamaliza ripoti..." alianza mkaguzi.

"Utamalizia mu barabara. Laure, na weye. Inje!"

Tukatoka mimi, mkaguzi na kufuli yake, na mlango ukafungwa nyuma yetu. Ndani tukasikia robine ikifunguliwa.